Usanisinuru Bila Jani: Maoni Kuhusu Fasili Moja

Fasili iliyozoeleka madarasani husema kuwa usanisinuru ni njia ya mimea ya kijani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tunaona fasili hii ina upungufu. Katika Ziwa Natron, nchini Tanzania, heroe wadogo hula sayanobakteria waitwao Arthrospira. Viumbe hao hawana jani wala mzizi, lakini hufanya usanisinuru. Wana klorofili, na pia fikosayanini, rangi ya buluu inayofyonza mwanga ambao klorofili huufyonza kidogo tu. Wapo pia bakteria wa zambarau, ambao hutumia bakterioklorofili na hawatoi oksijeni.

Neno usanisinuru lenyewe halina kosa: limeundwa kwa sanisi na nuru, halitaji jani. Kosa limo katika fasili, na katika istilahi umbijani, inayomfanya mwanafunzi atafute jani kila penye klorofili. Atakayejibu "bakteria" katika mtihani hukoseshwa alama ilhali amesema kweli. Hivyo twapendekeza istilahi klorofili itumike, na fasili iseme "viumbe" badala ya "mimea". Istilahi inayompotosha msomaji haijatimiza kazi yake, hata muundo wake ukiwa safi.