Pongezi kwa mafundi wa viyoyozi

Februari ikifika Dar es Salaam, simu ya fundi wa kiyoyozi haitulii. Sisi tunajua rimoti na ubaridi tu. Yeye anajua chujio lililoganda vumbi, mrija wa maji ulioziba kwa utando, na mashine ya nje iliyofungwa ukutani ghorofa ya nne na mtu ambaye hakumfikiria atakayekuja kuitengeneza.

Karibu na bahari kazi huzidi, kwani chumvi hula mapezi ya alumini. Fundi huyaosha kwa uangalifu: maji yakija kwa nguvu mno, mapezi hulala na hewa haipiti. Kapasita nayo huweza kubaki na umeme hata swichi ikizimwa, kwa hiyo haigusi kabla ya kuitoa chaji.

Lakini kazi ya gesi ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana mvujo. Fundi wa kweli hupaka povu la sabuni kwenye maungio, hungoja kiputo, huziba, kisha huwasha pampu inyonye hewa na unyevu wote ndipo ajaze. Gesi zenyewe nazo hubadilika: gesi aina ya R22 inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na R32 iliyomo kwenye mashine nyingi mpya inaweza kushika moto. Amelazimika kujifunza upya.

Pampu yake ikinguruma, tusimharakishe. Wala tusimlipe bei ya yule anayeongeza gesi bila kutafuta mvujo.