Interferoni: Kinga Inayotegemea Kuwahi

Mwaka 1957, katika maabara za Mill Hill jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliviweka vipande vya utando wa mayai ya kuku yenye viinitete pamoja na virusi vya influenza vilivyolemazwa kwa joto, wakagundua kwamba utando huo ulitoa kitu kilichoingia katika kimiminika kilichouzunguka. Vipande vipya vilivyotangulizwa katika kimiminika hicho viliweza kuvizuia virusi hai kuzaliana, na kitu hicho wakakiita interferoni.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa interferoni ni kundi la protini ambazo haziui virusi zenyewe, bali huzitahadharisha seli. Influenza inapoingia katika seli ya njia ya hewa, protini iitwayo RIG-I huitambua RNA ya kirusi, yaani kemikali inayobeba maelekezo yake ya urithi, kwa sababu ncha yake ina fosfati tatu zisizofichwa, tofauti na RNA ya kawaida ya seli. Hapo jeni za interferoni huwashwa, na protini hizo hutoka na kunasa kwenye vipokezi vya seli jirani, ambazo huamsha mamia ya jeni za ulinzi, zikiwemo zinazozalisha vimeng'enya vya kuikatakata RNA ya kirusi.

Kirusi nacho hujihami: influenza hutumia protini ya NS1 kuificha RNA yake na kuizuia RIG-I, ili kizaliane kabla seli jirani hazijajiandaa. Gharama ya kukosa kinga ya interferoni ilidhihirika mwaka 2020, pale wagonjwa 101 kati ya 987 wenye nimonia mahututi ya UVIKO-19 walipokutwa na kingamwili zinazobatilisha interferoni zao wenyewe, ilhali kati ya watu 663 walioambukizwa bila dalili au kwa dalili nyepesi hakukutwa hata mmoja.

Majaribio ya matibabu ya UVIKO-19 nayo yanaashiria umuhimu wa kuwahi. Jaribio la Solidarity la Shirika la Afya Duniani halikuona manufaa ya interferoni beta kwa waliokwisha kulazwa. Lakini jaribio la Brazili na Kanada lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kuwa dozi moja ya interferoni lambda, iliyotolewa ndani ya siku 7 tangu dalili kuanza, ilipunguza takriban kwa nusu idadi ya waliohitaji kulazwa au kuangaliwa kwa muda mrefu katika idara ya dharura. Ingawa aina hizo mbili hazifanani kikamilifu, tiba ya interferoni inapaswa kupangwa kwa kuzingatia siku ya maambukizi, si ukali wa ugonjwa pekee.