Tatizo la ‘Kujila’: Maoni juu ya Istilahi Moja ya Fiziolojia ya Mazoezi

Rasimu ya istilahi za fiziolojia ya mazoezi tuliyopewa tuichambue ni kazi ya kusifiwa kwa mengi. Hata hivyo, imo sentensi moja isiyofaa kupita bila kuhojiwa: “Mazoezi makali huzidisha kujila kwa seli za misuli.” Mwalimu wa michezo akiisoma ataelewa nini? Ataelewa kwamba akimbiaye sana huimaliza misuli yake, na huenda akawaonya wanafunzi wake wasijitahidi. Sayansi haisemi hivyo.

Jina la asili la dhana hii lilibuniwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya “nafsi” na “kula”. Mtungaji wa rasimu amelitafsiri jina, hakuitafsiri dhana. Dhana yenyewe ni hii: sehemu za seli zilizochakaa, kama vile mitokondria mbovu, huzungushiwa utando, hupelekwa kwenye lisosomu na kumeng’enywa huko, kisha mali ghafi ipatikanayo hutumika tena kuijenga seli au kuipa nishati. Huku ni kujikarabati, wala si kujiangamiza.

Kosa la pili ni la kipimo. Rasimu inatumia “ukali”, “uzito” na “nguvu” ya mazoezi kana kwamba ni kitu kimoja. Uzito ni wa chuma kiinuliwacho. Nguvu ni dhana ya fizikia. Ukali ni kiasi cha juhudi kikilinganishwa na upeo wa uwezo wa mtu. Tofauti hii ina maana kubwa. Katika utafiti uliofanywa Ubelgiji na kuchapishwa mwaka 2015, wanaume waliozoea mazoezi waliendesha baiskeli kwa saa mbili, wengine kwa asilimia 55 na wengine kwa asilimia 70 ya upeo wao wa kutumia oksijeni, mara wakiwa wamekula na mara wakiwa na njaa. Dalili zilizoonekana katika misuli yao zilitegemea zaidi ukali wa mazoezi kuliko njaa. Tukichanganya ukali na uzito, matokeo hayo hayatafsiriki.

Aidha, watafiti hao walipima dalili katika vipande vidogo vya misuli. Hawakuushuhudia mwendo mzima wa tukio ndani ya mwili. Kwa hiyo “huzidisha” nalo ni neno lenye haraka. “Huchochea dalili za” lingefaa zaidi.

Kanuni yatutaka tuanze na hazina ya Kiswahili chenyewe. Neno “urejelezaji” limekwisha kuzoeleka katika habari za taka, nalo labeba wazo la kitu kikuukuu kurudi kazini. Atakayepinga atasema kwamba ni pana mno, kwa kuwa seli ina njia nyingine pia za kuvunja protini. Ni kweli. Ndiyo maana napendekeza “urejelezaji wa lisosomu” katika vitabu vya shule na magazeti, na “otofajia” ibaki kwa wataalamu, pamoja na fasili yake.

“Kujila” liondolewe. Istilahi inayomtisha msomaji akaacha jambo lenye manufaa kwake haijatimiza kazi yake, hata kama imeundwa kwa ufundi.