Ukuta wa Maua na Kibuyu cha Mbegu

Siku hizi hapa Nyarugusu kuna kazi mbili za sanaa zinazozungumziwa sana kwenye foleni ya maji. Zote zinahusu mimea, zote zimetengenezwa pembeni ya bustani, na wageni wanazisifu kwa maneno yaleyale: sanaa na mazingira. Mimi naona hazifanani, na tofauti yake tuijue kabla hatujaomba mradi mwingine.

Ya kwanza ni ukuta. Vijana walipewa rangi za mafuta na brashi, wakachora bustani ndefu: waridi, alizeti, tufaha jekundu, vipepeo. Aliyechora anga ana mkono mzuri, sipingi. Lakini sogea karibu. Pale chini kuna jani la muhogo limechorwa kama jani la mpapai, limekatikakatika kingo zake. Jani la muhogo ni vidole, mara nyingi vitano au saba, vyote vinatoka sehemu moja kwenye kikonyo. Kila mama anayechuma sombe anajua hivyo hata gizani. Mchoraji naye anakula sombe. Mbona mkono wake haujui? Jibu langu: alitazama picha za simu, hakugeuka kutazama matuta yaliyo hatua kumi nyuma yake. Matuta yale yana lengalenga na matembele. Ukutani hakuna hata kimoja. Eti mboga haipendezi kuchorwa!

Hapo ndipo ninapogombana na ukuta. Kambi hii ilifunguliwa 1996. Aliyezaliwa hapa mwaka ule ana watoto sasa, na watoto hao hawajaona shamba la babu kule Fizi wala Uvira. Wanajifunza mimea kwa kile tunachowaonyesha. Ukuta unawaambia kwamba mmea mzuri ni ule wa mbali, na huu wa mlangoni ni wa shida tu.

Kazi ya pili ni vibuyu vya kina mama. Walipanda mmumunye juu ya shimo la taka za jikoni, wakaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, ukapanda uani na kutoa kivuli. Maua yake meupe hufunguka jioni. Matunda machanga machache yaliliwa yakiwa laini, mengine yakaachwa mpaka vikonyo vikakauka. Kisha yakakaa wiki nyingi yakikauka, ukungu ukaparuliwa, yakakatwa. Wengine walifunga kamba kwenye tunda likiwa bado changa ili likue na kiuno, yaani mmea wenyewe ulisaidia kuchonga. Michoro ilichomwa kwa waya uliopashwa moto jikoni wakati maharage yanaiva.

Vibuyu vikubwa ni vizuri, ila vidogo ndivyo vilivyonisimamisha. Ndani ya kila kimoja kuna mbegu, na nje kumechorwa mmea wa mbegu hizo: ganda la kunde, suke la lengalenga, bamia na mistari yake. Mama asiyejua kusoma anajua ashike kipi mvua ikianza. Mchoro ukikosewa, mbegu isiyotakiwa itaingia ardhini. Ndiyo maana hakuna jani lililokosewa pale. Mkono umechora kwa uangalifu kwa sababu kuna mtu atakayekula au atakayelala njaa kwa mchoro huo. Na ukikata kibuyu ili ukichore, unapata mbegu za vibuyu vya mwaka kesho.

Jambo hili si geni kwetu. Majirani zetu wa Rwanda wana imigongo, michoro ya kuta inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na rangi za udongo. Zamani nyeusi yake ilitoka kwenye utomvu wa mshubiri na majivu ya maganda ya ndizi. Kule Kasai, Wakuba wanafuma nguo kwa nyuzi za majani ya mwale, kisha wanawake wanazitarizi. Kwao wote sanaa ilianzia zizini au shambani. Kabla ya kuchora ilibidi uchunge au upande.

Kina mama nao wasikie. Vibuyu walivyotoboa matundu ili viwe taa za kuwauzia wageni havina uhai ule wa vidogo. Ua moja limerudiwa pande zote, na vanishi imepakwa nene mpaka mstari wa moto hauonekani. Kibuyu kilichotobolewa hakishiki maji, hakishiki mbegu. Najua pesa inatakiwa, mgao wa chakula hautoshi, na sitamlaumu mtu kwa kuuza. Nasema tu kwamba ukiangalia, unaona wazi kipi kilitengenezwa kwa kuhitajiwa na kipi kilitengenezwa kwa kukisia anachopenda mgeni.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkija tena na mradi wa namna hii, kabla ya kuhesabu makopo ya rangi ulizeni nani atamwagilia Julai na Agosti, na mbegu zitahifadhiwa na nani mradi ukiisha. Makopo yakishakauka hamtaweza kuulizwa tena.

Kwa vijana wa ukuta: anga lenu liacheni, linafaa. Chini yake pakeni upya kwa udongo mwekundu, majivu na mkaa, vitu tunavyovikanyaga kila siku. Halafu mkalete jani la muhogo, mliweke mbele yenu, mhesabu vidole. Kina mama wako palepale uani, na ukiwaomba mbegu hawanyimi.