SINEMA YA MAPAMBANO ILIYO BORA NI IPI?

Swali hili lilijadiliwa shuleni kwetu na wanafunzi wa vidato vya juu, nami nilikuwa mwamuzi. Upande wa kwanza walishika kwamba sinema bora ya mapambano ni ile ambayo watu wameruka kweli, wameanguka kweli, na magari yamegongana kweli; hila za kompyuta, walisema, ni uongo mtupu. Upande wa pili wakajibu ya kuwa sinema yote ni hila tangu mwanzo wake, na mwenye hila nyingi ndiye fundi. Wakabishana kwa bidii, hata msichana mmoja aliyekuwa kimya muda wote akasimama akauliza: "Ikiwa hatari ya kweli ndiyo iifanyayo picha kuwa bora, je, yule mtu akifa, picha huwa bora zaidi?" Pakawa kimya. Nami sikuwa na jibu tayari. Nimelifikiri swali lile tangu siku hiyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa tuanze kwa Buster Keaton, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1895, kwa kuwa sinema zake kubwa alizifanya kabla sinema hazijapata sauti. Katika The General, ya mwaka 1926, yeye ni dereva wa gari la moshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862. Wapelelezi wa adui wanaliiba gari lake, na ndani yake yumo binti ampendaye. Anawafuata peke yake kwenda kaskazini. Kisha analitwaa tena, anamwokoa binti, na kukimbia naye kurudi kusini, na safari hii wao ndio wamfuatao. Njia ni ile ile moja ya reli, kwenda na kurudi. Kwa hiyo mtazamaji hapotei kamwe: ajua kama adui yu mbele au yu nyuma, ajua daraja liko wapi, na ajua mtu huyu anatafuta nini. Mahali pamoja Keaton ameketi mbele kabisa ya injini iendayo, amekumbatia taruma zito la reli, na mbele yake taruma jingine limewekwa njiani ili kumwangusha. Analitupa lile alilolishika, linaipiga ncha ya lile la chini, na njia inakuwa wazi. Ni hatari, lakini ni akili pia. Twamwona mtu akifikiri.

Sharti niseme na jambo jingine. Shujaa huyu yuko upande wa Kusini, uliopigana ili kuulinda utumwa, na picha yenyewe haigusi habari hiyo. Msomaji wa Afrika hawezi kupita hapo bila kusita. Twaweza kuusifu ufundi bila ya kusifu yote yaliyomo.

Karibu na mwisho wa sinema hiyo daraja linachomwa moto, na injini ya adui inaanguka nalo mtoni. Injini ile ilikuwa ya kweli, ikaangushwa kweli katika mto wa jimbo la Oregon, kwa gharama inayotajwa kuwa dola 42,000. Lakini mahali pa dereva palisimamishwa sanamu. Keaton alitoa chuma, hakutoa mtu.

Mwili wake mwenyewe, hata hivyo, hakuuhurumia. Katika Steamboat Bill, Jr., ya mwaka 1928, dhoruba inaangusha ukuta mzima wa nyumba juu yake, naye anasalimika kwa sababu amesimama mahali panapoangukia dirisha lililo wazi. Ukuta ulikuwa mzito kweli, na nafasi ya kumpitisha ilikuwa ndogo sana. Kosa dogo la kipimo lingemwua. Nakiri kwamba picha hiyo hunisisimua kila niionapo. Lakini nilipojiuliza sababu, niliona kuwa si kwa vile angaliweza kufa. Uzuri wake ni kwamba mtu yule hajui lolote. Amesimama ameduwaa, ukuta unamwangukia, naye anabaki wima kama aliyesahauliwa na mauti. Maana hiyo ingebaki hata kama ukuta ungekuwa wa karatasi.

Tena, kama hatari ingekuwa ndiyo kipimo, ingetupasa kuisifu habari ya Julai 1982, huko California. Wakati wa kupiga picha za Twilight Zone: The Movie, helikopta ilipigwa na milipuko iliyotegwa kwa ajili ya mchezo, ikaanguka, ikamwua mwigizaji Vic Morrow pamoja na watoto 2. Hatari ilikuwa ya kweli kupita kiasi, wala sijasikia mtu aliyesema kwamba sinema iliongezeka uzuri kwa sababu hiyo. Uhai ni amana. Hakuna burudani inayostahili kuununua.

Basi, je, ushindi ni wa upande wa pili, wale wa hila? Polepole. Hila nayo inataka bwana wa kuitumikisha. Katika Terminator 2, ya James Cameron, mwaka 1991, adui ni mtu wa madini yanayoyeyuka na kuchukua umbo la yeyote amgusaye. Kompyuta ndizo zilizomwezesha kuonekana hivyo. Lakini hila hiyo haikuwekwa ili tushangae tu. Hofu yote ya kisa imo ndani yake, maana mtoto anayewindwa hawezi tena kuziamini nyuso za watu, hata uso wa mama yake. Ondoa hila, na kisa kinaanguka.

Linganisha na Man of Steel, ya mwaka 2013. Karibu na mwisho mashujaa wenye nguvu za ajabu wanapigana katikati ya mji, na majumba marefu yanaporomoka moja baada ya jingine. Kazi ya mafundi ni kubwa, kila jiwe limechorwa kwa uangalifu. Lakini walio ndani ya majumba yale hatuwajui, na kisa hakituachi muda wa kuwalilia. Baada ya jumba la tatu jicho limechoka na moyo umelala. Kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

Na wale wasemao hila zote ni mbovu, waitazame Mad Max: Fury Road, ya George Miller, iliyotoka mwaka 2015. Sehemu kubwa ilipigwa jangwani Namibia, kwa magari ya kweli, na watu wakining'inia juu ya milingoti iliyofungwa katika magari yaendayo. Wengi waliisifu wakidhani haina hila. Sivyo. Waigizaji walifungwa kamba za kuwakinga, na kompyuta zikazifuta kamba hizo zisionekane. Furiosa, mwanamke aliye kiini cha kisa, hana mkono mmoja. Mwigizaji wake, Charlize Theron, anayo yote miwili, nao mmoja ulifutwa vivyo hivyo. Hapa hila imefanya kazi ya rehema: imeificha kamba iliyomlinda mtu. Mhariri wa picha, Margaret Sixel, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi yake, na ilimstahili, kwani ijapokuwa vipande vya picha vyapita upesi mno, jambo kuu limewekwa katikati ya kioo, jicho lisitangetange. Na safari yenyewe ni ya namna gani? Wanawake wanamkimbia mtawala dhalimu wakiitafuta nchi yenye majani; wanaambiwa nchi hiyo haipo tena; wanarudi kwa njia ile ile waliyoijia. Kwenda na kurudi, kama lile gari la moshi la mwaka 1926. Sidhani kwamba ni bahati tu. Mtu aijuaye njia ndiye ajuaye kuogopa yaliyo mbele yake.

Umebaki ushahidi mmoja, nao ni wa jirani zetu. Mwaka 2010 Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, mtaa wa Kampala nchini Uganda, alitoa Who Killed Captain Alex?, sinema iliyofanywa kwa fedha kidogo sana. Moto wake ni wa kompyuta, na hata mtoto mdogo aona kuwa si moto wa kweli. Bunduki nazo ni za kuundwa kwa vyuma vikuukuu. Hata hivyo watu wa nchi nyingi wameipenda, na sauti ya VJ Emmie, mtambaji anayesimulia na kutania juu ya picha, imeongeza furaha yake. Siiweki katika daraja moja na kazi za Keaton, kwa kuwa watu wake hatupati kuwajua sana. Lakini yatufundisha kwamba mtazamaji husamehe hila isiyofanana na kweli, akiona bidii na moyo wa walioifanya. Asichokisamehe ni uvivu wa kisa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Sinema ya mapambano ni bora ikiwa mtazamaji ajua watu wako wapi na wanaelekea wapi. Ikiwa ajua ni kitu gani kitakachopotea wakishindwa, nacho ni kitu ampasacho mtu kukipenda. Na ikiwa kila tendo lazaa tendo jingine, kama taruma lilivyolipiga taruma. Hatari ya kweli na hila za picha ni watumishi wawili wa mambo hayo. Wa pili ana sifa moja inayompita mwenzake: humrudisha mwigizaji nyumbani jioni akiwa mzima.

Na yule msichana nimempa jibu lake, ingawa nilichelewa. Hapana, mwanangu, yule mtu akifa, picha haiwi bora zaidi. Tangu hapo hatuwezi kuitazama tena kama mchezo, maana tunalotazama ni msiba.