Neno "Baba" na Mtego wa Mfanano: Uhakiki wa Etimolojia ya Majina ya Ukoo katika Kiswahili

Tasnifu na makala nyingi zinazochunguza asili ya maneno ya Kiswahili zina zoea moja. Huwekwa orodha mbili sambamba, upande huu neno la Kiswahili, upande ule neno la Kiarabu, Kiajemi au Kihindi linalolandana nalo, kisha huhitimishwa kwamba la kwanza limetokana na la pili. Kwa sehemu kubwa ya msamiati zoea hili halina madhara. Hakuna anayebishana kwamba kitabu limetoka Kiarabu, bandari Kiajemi na gari Kihindi: umbo ni refu kiasi cha kutosha, maana ni mahususi, na njia iliyoyaleta maneno hayo inajulikana. Madhara huanza pale orodha hizo zinapoingia nyumbani, kwenye majina ya wazazi na jamaa. Hapo mbinu iliyofaa kwa kitabu huhamishiwa kwenye baba bila mtafiti kujiuliza kama inahamishika.

Suala hili si dogo. Majina ya ukoo ni miongoni mwa maneno ambayo kila mtu huyatarajia kuwa ya kiini cha lugha. Akishawishika mtu kwamba hata neno la kumwitia mzazi limeazimwa, hatua ya kudai kwamba Kiswahili kizima ni lugha ya kuazima huwa fupi. Nurse na Spear (1985), na baadaye Nurse na Hinnebusch (1993), walikwisha kuonyesha kwa sarufi na kwa kanuni za sauti kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyopokea mikopo mingi. Hata hivyo, orodha za mfanano zimeendelea kuandikwa kana kwamba kazi hizo hazikuwahi kuchapishwa.

Ushawishi wa mfanano unaeleweka. Kiajemi kina baba kwa maana ya mzazi wa kiume, na Kituruki vivyo hivyo. Kiarabu cha mazungumzo nacho kina baba, ijapokuwa neno la Kiarabu sanifu ni ab. Kwa kuwa Waajemi na Waarabu walifika pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani, mtafiti mwenye haraka huona kesi imekwisha. Lakini Kichina cha Mandarini pia humwita mzazi wa kiume baba, na Kiyoruba vilevile, wala hakuna aliyewahi kudai kwamba jahazi za Waajemi zilitia nanga Ibadan. Katika Kirusi na Kipolandi, baba ni mwanamke, hasa bibi kizee. Katika Kijapani neno lenye umbo hilohilo humtaja ajuza. Katika Kihindi huweza kuwa mzazi, babu, mtu mtawa, na hata mtoto mdogo anayebembelezwa. Kijojia, lugha ya milima ya Kaukasi, kinampa changamoto kila anayeamini kwamba sauti fulani zimefungamana na mzazi fulani: huko mama ndiye mzazi wa kiume, na mzazi wa kike ni deda. Dada wa Kiswahili ni ndugu wa kike. Wa Kibengali ni kaka mkubwa. Wa Kihindi ni babu mzaa baba. Umbo ni lilelile, na jamaa wanaotajwa wametapakaa katika ukoo mzima.

Maelezo ya hali hii yana zaidi ya nusu karne. Murdock (1959) alikusanya maneno 1,072 ya kutaja wazazi kutoka lugha za mabara yote, na Jakobson (1960) akayachambua. Hoja yake ni kwamba maneno haya huzaliwa mahali ambapo uwezo wa kinywa cha mtoto mchanga hukutana na hamu ya mzazi ya kuitwa. Mtoto huanza na sauti zilizo rahisi zaidi: midomo ikifungwa na kufunguliwa, silabi ikirudiwa. Sauti za nazali hutoka hata akiwa ananyonya, na kwa hiyo huelekea kwa yule anayemnyonyesha. Katika data ya Murdock, nazali hupatikana katika asilimia 55 ya maneno ya mzazi wa kike na asilimia 15 tu ya maneno ya mzazi wa kiume. Mwelekeo upo, lakini si sheria, na Kijojia ni ushahidi wa hilo. Mtoto hajui kama anamwita nani; mzazi ndiye husikia ba-ba na kuamua kwamba ameitwa yeye, na kila jamii huamua kwa namna yake.

Kufikia hapa Mbantuisti anaweza kudhani ameshinda. Asifurahi mapema, maana panga hili lina makali pande zote mbili. Kama mfanano wa baba ya Kiswahili na baba ya Kiajemi si ushahidi, basi mfanano wa baba ya Kiswahili na baba ya Kikuyu, Kishona au Kizulu nao peke yake si ushahidi. Wanaotetea ubantu wa neno hili mara nyingi hutumia orodha za mfanano zilezile wanazozilaumu, isipokuwa wamebadilisha safu ya pili.

Tena kanuni za sauti zinaleta ugumu ambao watetezi hao hawaugusi. Sauti *b ya Mame-Bantu, isipotanguliwa na nazali, haikubaki b katika Kiswahili: ililegea ikawa w, au ikadondoka kabisa. *Bantu ni watu, *bana ni wana, *-bona ni ona. Kizulu kimeihifadhi: abantu, bona. Kishona kimeilegeza au kuidondosha: vanhu, vana, ona, na Kikuyu kimeidondosha: andũ, ona. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, *baba ilipaswa kuwa *wawa katika Kiswahili. Wala hili si jambo la kukisia, kwa sababu lugha yenyewe imefanya jaribio. Kitenzi ambacho Kizulu hukitamka baba, chenye maana ya kuwa chungu au kuwasha, katika Kiswahili ni wawa: ngozi huwawa. Kizulu kina ubaba, mzazi, na ukubaba, kuwa chungu, kwa konsonanti zilezile. Kiswahili kimevitenganisha viwili hivyo: cha pili kimefuata sheria, cha kwanza kimekaidi. Kishona na Kikuyu, ambavyo navyo vililegeza *b, vimeacha baba bila kuiguswa.

Ipo hoja moja inayoweza kuletwa kuiokoa kanuni. Kiambishi cha kale cha ngeli ya 5 hukaza konsonanti inayokifuata, na kwa kuwa wingi wa baba waweza kuwa mababa, huenda b yake ilikazwa kwa njia hiyo. Hoja hii inaeleza nusu ya neno tu. Ukazaji huo hugusa konsonanti ya kwanza ya shina na kuiacha ya pili. Mfano wake ni neno bawa, ambalo shina lake katika Mame-Bantu hufufuliwa kuwa *-baba: b ya kwanza imekazwa ikabaki, ya pili imelegea ikawa w. Kama baba angekuwa amepita njia ya bawa, leo tungemwita mzazi wetu *bawa. Hatumwiti hivyo.

Basi neno hili lilikwepaje? Jibu ni kwamba halikurithiwa kama watu na ona zilivyorithiwa. Liliundwa upya, kizazi baada ya kizazi, katika vinywa vya watoto, na kila mara mabadiliko ya sauti yalipolifikia, watoto walilirudisha lilipokuwa. Kiswahili hakiko peke yake katika hili. Katika Kichina, sauti ya midomo ya kale iligeuka f katika neno rasmi fu, mzazi wa kiume, na wataalamu wengi huiona baba ya mazungumzo kuwa ni neno hilohilo lililobaki na sauti yake ya zamani kwa kuwa lilikaa nyumbani. Kijapani kinaonyesha upande wa pili wa shilingi. Neno lake la kale la mzazi wa kike lilitamkwa papa. Likapanda daraja likawa neno la watu wazima, kanuni ikalikamata, p ikapitia sauti iliyo karibu na f hadi ikawa h, na leo ni haha. Hakuna mtoto wa Kijapani ambaye angelibuni haha kwa midomo yake. Tofauti ya fu na baba, au ya papa na haha, ni tofauti ya uwanja wa matumizi, na hiki ni kigezo ambacho orodha za mfanano haziwezi kukiona kwa sababu hazionyeshi nani husema neno wala humwambia nani.

Kwa hiyo swali "baba limetoka wapi?" limeulizwa vibaya. Ni maswali mawili. Umbo lake limetoka kinywani mwa mtoto, na halina taifa. Nafasi yake katika mfumo wa lugha ni jambo jingine, na nafasi hiyo ndiyo yenye asili inayoweza kuthibitishwa.

Katika Kikuyu, baba si mzazi wa kiume wa mtu yeyote. Ni baba yangu au baba yetu. Baba yako ni thoguo, na baba yake ni ithe. Kizulu kina mpangilio uleule: ubaba wangu, uyihlo wako, uyise wake. Upande wa mama, Kikuyu kina maitũ, nyũkwa, nyina, na Kizulu umama, unyoko, unina. Lugha mbili zilizotengana kwa maelfu ya kilomita zinagawa wazazi kwa nafsi ya mmiliki, kwa mashina tofauti, na neno la mtoto limewekwa katika chumba kimoja tu cha mfumo huo: cha nafsi ya kwanza, yaani cha yule anayeita. Bahati inaweza kuzaa ba-ba pote duniani. Haiwezi kuzaa jedwali hili mara mbili. Kiswahili kimelibomoa jedwali hilo. Baba imetanuka ikashika vyumba vyote, na kumiliki kukaachiwa vimilikishi: babangu, babako, babake, babaye. (Miunganiko hii, licha ya kutajwa mara nyingi kama ithibati ya ubantu wa neno, haithibitishi asili, rafikiye nayo ipo, na rafiki ni neno la Kiarabu.) Lakini vifusi vya jengo la kale vimesalia. Nina, mzazi wa kike, imebaki katika lugha ya ushairi. Nyoko imebaki katika matusi.

Kigezo hicho cha nafasi ndicho kinachotenganisha mkopo wa kweli na mfanano mtupu. Katika mfumo wa Kibantu ndugu wa kiume wa baba naye ni baba: baba mkubwa, baba mdogo, sawa na ubabomncane wa Kizulu, ndugu wa kiume wa mama ndiye mwenye jina lake, mjomba. Kiarabu hakimwiti ndugu huyo baba. Kina neno lake, amm. Waswahili wa pwani waliopokea mtazamo huo walipokea na neno lake, ndiyo maana wana ami au amu pale ambapo bara husemwa baba mdogo. Huu ni mkopo unaoonekana kwa macho, kwa sababu jina limekuja na mgawanyo wa jamaa uliolizaa. Bibi nalo lina dalili za namna hiyo. Katika Kiajemi na Kiurdu ni cheo cha heshima cha mwanamke, na Kiswahili kililipokea hivyohivyo, likitangulia jina kama katika Bibi Titi Mohamed. Maana ya mke, iliyozoeleka Kenya, na ya mzaa mama au mzaa baba, iliyozoeleka Tanzania, zinafafanulika kama matawi ya heshima hiyo. Neno hili nalo lina silabi iliyorudiwa na sauti za midomo, lakini linapoonekana kama cheo cha mtu mzima, ambacho mtoto hana sababu ya kukibuni, hoja ya Jakobson huishiwa nguvu na hoja ya mkopo hupata nguvu.

Kamusi zinazoonyesha asili ya maneno kwa vifupisho vya majina ya lugha zinahitaji kuzingatia hili. Kifupisho cha Kiarabu mbele ya ami kina haki yake. Mbele ya baba hakuna kifupisho kinachofaa, na hata "Kibantu" kingeficha kwamba sauti za neno hilo hazikufuata njia ya Kibantu. Kinachofaa ni maelezo ya sentensi mbili au tatu, kazi ambayo watunga kamusi wa Kiswahili hawajazoea kuifanya. Pengine mahali pa kuanzia ni kitomeo cha nyoko, ambacho humwambia msomaji kwamba ni tusi na kuishia hapo, ilhali ni mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili ambamo "mama yako" bado ni neno moja, kama katika unyoko wa Kizulu na nyũkwa wa Kikuyu.