Mapanki na Mapiko: Juu ya Sinema Moja na Watazamaji Wake

Sinema ikizua ugomvi, watu hugawanyika upesi makundi mawili: wasemao kuwa ni kweli tupu, na wasemao kuwa ni uongo mtupu. Makundi haya huonekana kuwa maadui, lakini kosa lao ni moja. Yote mawili huipokea sinema kama ushahidi wa mahakamani, wala hayaulizi imetengenezwaje. Nataka kulipima jambo hili kwa sinema iitwayo Darwin's Nightmare, ambayo wengi nchini waliijua kwa jina la mapanki. Nitaipima kutoka Tandahimba, mahali pasipo sangara wala kiwanda cha samaki, lakini penye ngoma iliyowazoeza watu kutazama sura ya kuchonga.

Sinema hiyo ni kazi ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, na ilionyeshwa Venice mwaka 2004. Mwaka 2006 ilipewa tuzo ya César huko Ufaransa. Habari yake ni sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wa asili, kisha akawa bidhaa ya kupelekwa Ulaya. Twaona ndege kubwa za mizigo zikitua Mwanza. Minofu yapakiwa, vichwa na mifupa, yaani mapanki, yabaki na kukaangwa. Katikati ya hayo swali moja larudi tena na tena: ndege hizi huja na nini? Mtengenezaji anadokeza silaha.

Dokezo hilo ndilo lililowasha moto. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu sinema hadharani kwamba imelichafua jina la nchi, na akaikanusha habari ya silaha. Mwanza watu waliandamana kuipinga. Huko Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliandika kitabu cha kuishambulia. Sauper alimshitaki kwa kashfa, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikampa Sauper haki. Lakini mahakama huamua nani amemkashifu nani. Haimwamulii mtazamaji aone nini.

Basi tuitazame kazi yenyewe. Haina msimulizi. Mtengenezaji hukaa karibu sana na nyuso za watu, mara nyingi usiku, na huziacha picha zisemezane. Ndege yapita juu. Chini watoto wa mitaani wanapigania chakula. Hakuna aliyesema kwamba hili limeleta lile, lakini mtazamaji amekwisha kusema moyoni mwake. Mfano mkubwa ni yule rubani asimuliaye, kwa huzuni isiyoweza kuigizwa, kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, kisha akarudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg. Ni mahali pazuri kuliko pote katika sinema hii. Tena ndipo penye udhaifu wake, maana maneno yale ni ya Angola, na mtazamaji huyabeba mwenyewe mpaka Mwanza. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sauper ameivuta ngozi kwa ustadi mkubwa, nasi hatukuuona mkono wake.

Niliitazama sinema hii Tandahimba pamoja na wenzangu, walimu na wakulima wa korosho. Ilipokwisha tulinyamaza kwa muda. Mwalimu mmoja alisema tumetukanwa. Mkulima mmoja, mzee kuliko sisi sote, alijibu kwamba yeye hakuona matusi. Aliona korosho ghafi zikishuka kwenda bandari ya Mtwara, zikabanguliwe India na Vietnam. Kisha akauliza: "Wale wa kwenye picha, wao waliionaje?" Hakuna aliyemjibu, na swali hilo limenikaa tangu siku ile.

Katika ngoma ya mapiko, mchezaji huvaa kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa kwa sura ya mtu: mzee, mwanamke, Mhindi, Mzungu. Sura hutiwa chumvi: pua hurefushwa, mwendo hukejeliwa. Mtazamaji haulizi kama lipiko ni kweli. Huuliza kama limepatia. Na mwenye kukejeliwa, akiwa mtu wa hapo, yumo uwanjani. Aweza kucheka, aweza kukasirika, aweza kungoja msimu mwingine ajibu kwa ngoma yake. Sisemi kwamba uwanja wetu hauna dhuluma. Wanawake na watoto walikatazwa kuijua siri ya aliyemo ndani, wakatakiwa kuogopa hata walipokwisha kutambua. Hata hivyo, walikuwapo.

Sinema huweza kuvunja sharti hilo. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alifika Newala akiwa na fonografu na mashine ya kupigia picha za sinema, akazipiga picha ngoma za nchi hii, akaondoka nazo kwenda Ujerumani. Wachezaji walibaki, sura zao zilitazamwa na wageni. Miaka karibu 100 baadaye Mwanza ilitazamwa Venice na Paris, na wengi wa Mwanza waliisikia sinema kabla ya kuiona, wakaandamana kwa habari ya kusimuliwa.

Kwa hiyo naona kwamba hasira ile ilikuwa na haki yake, lakini ilishika njia isiyofaa. Kuikemea sinema hakukuyaondoa mapanki. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kuisifu kwa kuwa inawalilia maskini nako hakutoshi, iwapo maskini hao wanapewa nafasi ya kulia tu, wasipewe ya kutazama na kusahihisha. Ilifaa ionyeshwe Mwanza kwanza, mbele ya wachuuzi wa samaki, walinzi na wavuvi, na maneno yao yasikilizwe. Pengine wangeikataa. Pengine wangesema, kama mzee wetu, kwamba mtengenezaji ametia chumvi lakini amepatia. Hukumu hiyo ndiyo niliyotaka kuisikia, wala haiwezi kutolewa kwa niaba yao na Rais, na mahakama ya Paris, wala na mhakiki wa Tandahimba.